Dawa ya Presha kwa Mtoto Asiye na Presha

Kazini kwangu klonidini ni dawa ya wazee. Ninafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee hapa Minnesota, na zamu yangu ya asubuhi ni kusukuma kitoroli cha dawa mlango hadi mlango. Wako wanaoimeza kidonge, wako wanaobandikwa. Ile ya kubandika ni plasta ndogo, ukubwa wa stempu ya barua, inayokaa juu ya mkono au kifuani, mahali pasipo nywele wala mchubuko, na hubadilishwa kila baada ya siku 7. Juu yake tunaweka plasta nyingine nyeupe ya duara isiyo na dawa, kazi yake ni kuishikilia tu. Kabla ya kuibandika hiyo nyeupe ninaiandika tarehe na herufi za jina langu. Ile kuukuu ninaikunja, gundi kwa ndani, ninaitupa kwenye pipa lenye mfuniko, maana hata baada ya wiki nzima bado ina dawa ya kumdhuru mtoto mdogo akiiokota.

Sasa daktari wa watoto alipoandika jina hilohilo kwenye cheti cha mwanangu wa darasa la tatu, mwenye ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kushikilia umakini, mtoto ambaye presha yake haijawahi kuwa na tatizo, nilishtuka kwa sababu dawa ninaijua.

Mama yangu yuko Tanga. Nilimpigia jioni ileile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mume wangu hajambo?"

"Hajambo. Wamembadilishia dawa ya shule. Sasa anapewa klonidini. Ni dawa ya presha, lakini..."

Hiyo lakini hakuisubiri. "Mtoto wa miaka minane unampa dawa ya presha? Basi na hii yangu nimpe paka?"

Nilicheka, ila swali lake lilikuwa la haki, na kwa simu sikuweza kulijibu lote. Ndiyo maana naandika.

Nianze na hii yake. Mama anakunywa amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kila siku baada ya chai ya asubuhi. Amlodipini inafanya kazi kwenye kuta za mishipa ya damu. Inazuia madini ya kalsiamu kuingia kwenye misuli ya kuta hizo, misuli inalegea, mshipa unapanuka, presha inashuka. Ubongo hauhusiki. Jirani yake anapewa haidroklorothiazaidi, yeye figo zake zinatoa chumvi na maji, ndiyo maana hataki kupanda basi la mbali bila kujua linasimama wapi. Wote wawili wanasema wanakunywa "dawa ya presha" na wote wako sahihi, ingawa dawa hizo hazikutani popote mwilini.

Klonidini inaanzia kichwani. Chini kabisa ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, kuna seli zinazoamua moyo upige kwa kasi gani na mishipa ibane kiasi gani. Zinapeleka amri zao kwa kemikali iitwayo noradrenalini, ndugu wa adrenalini. Seli inayoimwaga noradrenalini ina vipokezi vyake yenyewe, vinaitwa alfa-2, vya kusikilizia imemwaga kiasi gani. Vikiguswa, inapunguza. Ni kama kondakta anayegonga bodi ya daladala: dereva haoni kilichoko nyuma, lakini akisikia kugongwa anajua apunguze mwendo. Klonidini inajifanya noradrenalini na kugonga. Seli inaamini kwamba imeshamwaga ya kutosha, inapunguza, moyo unapiga polepole, mishipa inalegea.

Nikamwambia mama kwamba yeye dawa ya jamii hiyo ameshaiona, tena nyumbani kwake. Nilipokuwa na ujauzito wa huyuhuyu mume wake, presha yangu ilipanda mwezi wa saba, kliniki wakanipa Aldomet. Mama mjamzito yeyote wa kwetu aliyewahi kuambiwa presha yako si nzuri anaijua Aldomet. Ndani yake ni methildopa, na mwili ukiibadilisha inakwenda kugusa vipokezi hivyohivyo vya alfa-2 ubongoni. Kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imebaki kwa ajili ya presha ya ujauzito peke yake. Mama alikumbuka vizuri: "Ile iliyokuwa inakulaza mchana kutwa?" Hiyohiyo.

Usingizi ndio habari yenyewe ya dawa hizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mkemia wa kampuni ya Boehringer Ingelheim ya Ujerumani, Helmut Stähle, alikuwa anatafuta dawa ya kuzibua pua iliyoziba kwa mafua. Dawa za pua za ukoo huo zinabana vijishipa vya ndani ya pua, uvimbe unapungua, mtu anapumua. Mwaka 1962 akapata mchanganyiko mmoja. Daktari wa kampuni alikuwa na katibu muhtasi mwenye mafua, akamtia matone machache puani. Yule mama alilala. Alilala takriban siku nzima, presha imeshuka, mapigo ya moyo yamekuwa ya polepole, mdomo umekauka. Siku hizi mtu angefukuzwa kazi kwa jaribio la namna hiyo, na ningesema ni haki yake. Wakati ule walirudia vipimo kwa utaratibu na kuona kwamba hawakuwa na dawa ya pua, walikuwa na dawa ya presha. Mwaka 1966 ikaingia sokoni Ujerumani kwa jina la Catapresan, na mwaka 1974 ikaidhinishwa Marekani kama Catapres.

Kama dawa ya presha ilishika, halafu ikapitwa. Zilikuja nyingine zisizokausha mdomo wala kumlaza mtu kwenye kiti. Leo mwongozo wa madaktari wa wazee hapa Marekani unasema isiwe chaguo la kwanza kwa mzee mwenye presha, kwa sababu ya usingizi, mapigo kuwa ya polepole mno, na presha kuanguka mtu akisimama ghafla. Wanaobaki nayo kwenye kitoroli changu ni wale ambao presha yao imezikataa nyingine, au wasioweza kumeza, ndiyo hao wa plasta.

Wakati inashuka kwenye presha, ilikuwa inapanda kwingine. Mwaka 1978 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha kwamba inatuliza mateso ya mtu anayeacha heroini, maana mateso yale kwa sehemu kubwa ni noradrenalini iliyofunguliwa kwa nguvu. Mwaka 1979 wakaitoa kwa watoto wenye ugonjwa wa Tourette, wale wenye mishtuko ya mwili na sauti wasizoweza kuzizuia. Kisha mwaka 1985 Robert Hunt na wenzake, Yale hapohapo, wakachapisha utafiti mdogo wa watoto 10 wenye ADHD waliopewa klonidini kwa zamu na kidonge kitupu kisicho na dawa, na wazazi na walimu wakaona tofauti.

Watoto 10 ni wachache. Kilichonishawishi mimi zaidi ni nyani. Mwaka huohuo wa 1985, Amy Arnsten na Patricia Goldman-Rakic, nao wa Yale, walichapisha jaribio lao la nyani wazee kwenye jarida la Science. Mbele ya nyani kuna vishimo viwili. Anaona chakula kikiwekwa kwenye kimoja, vyote vinafunikwa, pazia linashushwa. Linapandishwa baada ya muda, achague. Nyani kijana anakumbuka. Nyani mzee anasahau, hasa akikawizwa au akipitishiwa cha kumvutia macho. Wakipewa klonidini, wazee walikumbuka vizuri zaidi. Nyani aliyelazwa usingizi hawezi kukumbuka vizuri zaidi. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kingine mbali na usingizi.

Kitu hicho kiko sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inayomwezesha mtu kushikilia jambo akilini wakati mambo mengine yanamvuta. Huko vipokezi vya alfa-2 viko pia upande wa seli inayopokea ujumbe. Vikiguswa, hufunga vitundu vidogo kwenye ukuta wa seli ambamo ishara huvujia, na ishara inafika ikiwa na nguvu. Kwa hiyo molekuli moja inafanya kazi mbili: kule chini inapunguza amri za moyo na mishipa, huku mbele inaimarisha ujumbe. Arnsten aliendelea na ndugu yake klonidini, guanfasini, nayo dawa ya presha iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1986, kwa sababu inachagua zaidi vipokezi vya aina moja na inalaza kidogo kuliko klonidini. Guanfasini ya kutoka polepole, yaani kidonge kinachoachia dawa kidogokidogo, ikaidhinishwa kwa ADHD mwaka 2009, klonidini ya kutoka polepole mwaka 2010, zote kwa watoto wa miaka 6 hadi 17.

Naomba nisieleweke vibaya. Kwa watoto wengi wenye ADHD dawa hizi mbili si za kwanza. Za kwanza ni za kuchangamsha, methilfenidati na jamii ya amfetamini, nazo zina nguvu zaidi kwa wastani. (Nazo faida yake kwa watoto iligunduliwa kwa bahati: mwaka 1937 daktari Charles Bradley wa Rhode Island aliwapa watoto Benzedrine, dawa ya amfetamini, akitaka kuwatibu maumivu ya kichwa. Vichwa viliendelea kuuma, masomo yakapanda.) Mwanangu alianza na methilfenidati kama wengi. Umakini ulikuja ndani ya saa moja, sikatai. Lakini chakula cha mchana kilirudi nyumbani kama kilivyokwenda, mbavu zikaanza kuonekana, usiku saa nne macho makavu. Na kule kupepesa macho na kukohoa bila kikohozi, alikokuwa nako tangu mdogo, mimi niliona kumezidi. Daktari aliniambia kwamba utafiti wa mwaka 2002 wa watoto 136 wenye ADHD na mishtuko haukuona methilfenidati ikiizidisha mishtuko kwa jumla. Waliofanya vizuri zaidi ni waliopewa methilfenidati na klonidini pamoja. Katika utafiti huohuo, watoto wapatao 28 kwa kila 100 waliokunywa klonidini walilemewa na usingizi wa wastani au mkali. Tukakubaliana tujaribu klonidini peke yake kwanza: miligramu 0.1 usiku, halafu kuongeza taratibu, asubuhi na usiku.

Miligramu 0.1 ni sehemu ya kumi ya miligramu. Ukiilinganisha na amlodipini ya mama, ni mara 50 chini kwa uzito. Mama aliposikia hivyo akatulia, "Aa, basi kidogo." Si kidogo. Ni dozi ileile ya kidonge ninachompa mzee mwenye kilo themanini kazini.

Wiki ya kwanza ya dozi ya asubuhi, mwalimu wake aliniandikia ujumbe wenye alama ya tabasamu. Mtoto alikuwa na siku nzuri sana. Hakusimama ovyo, hakukatiza wenzake. Wakati wa kusoma kwenye zulia aliegemea mto na kukaa kimya hadi mwisho. Nilimwuliza mwanangu hadithi ilihusu nini. Hajui. Alikuwa amelala macho wazi.

Nimeiona sura hiyo kazini. Kuna mkazi mmoja, bibi mwenye maneno, alikuwa anagombana na kila mtu kuhusu chumvi ya supu. Alipoongezewa plasta akawa haongei, anasinzia mezani, kijiko kimebaki hewani. Zamu nzima ilikuwa nyepesi. Wafanyakazi walisema siku hizi amekuwa mtu mzuri, na hakuna aliyesema kwa ubaya, kwa sababu mtu mmoja akiwa na wakazi wengi kuliko anavyoweza, kila anayenyamaza ni msaada. Nesi wa zamu alipompima, mapigo ya moyo yalikuwa chini ya 50. Dozi ikapunguzwa, ugomvi wa supu ukarudi.

Darasa la watoto 27 na ukumbi wa wazee vinafanana kwa hilo. Aliyetulia ndiye anayependwa, na dawa inayotuliza haina wa kuilalamikia isipokuwa anayeinywa, naye amesinzia. Wazazi tumo pia. Nani asiyependa jioni moja bila mtu kupanda juu ya kochi? Kwa hiyo naona swali la "Je, ametulia?" ndilo swali baya kuliko yote la kumwuliza mwalimu, na karibu fomu zote za shule zinauliza hilo kwa namna moja au nyingine. Nilimwandikia daktari, tukarudi nyuma hatua moja, tukangoja mwili uzoee. Usingizi wa dawa hizi kwa watoto wengi hupungua baada ya wiki chache. Usipopungua, dozi haimfai, au dawa yenyewe haimfai.

Nilichokuwa nakitafuta nilikiona kwenye hesabu ya kutoa. 403 toa 178. Zamani alikuwa anaanza: tatu toa nane haiwezekani, nenda kaazime. Anafika kwenye sifuri, hapana kitu, inabidi aende hadi kwenye nne. Hapo katikati, kati ya sifuri na nne, alikuwa anapotea. Si kwamba hajui. Ukimwuliza hatua moja moja anakujibu zote. Lakini akifika kwenye nne ameshasahau alikuwa anamwazimia nani, anaanza upya, mara ya tatu anatupa penseli. Mwezi wa pili wa klonidini, dozi imeshakaa sawa, nilikuwa nasonga ugali namwangalia kwa pembeni. Aliazima kwenye nne, akaandika tatu juu yake, akaifanya sifuri kumi, akaikata akaandika tisa, akarudi kwenye tatu akaifanya kumi na tatu. 225. Muda wote huo mguu wake ulikuwa unapiga mguu wa meza, du, du, du, mpaka glasi ya maji ikawa inasogea.

Hakuwa ametulia hata kidogo. Ningekuwa najaza fomu ya shule dakika ile ningelazimika kuandika kwamba anatikisika daima. Nilisogeza glasi, nikaacha mguu uendelee.

Sasa upande wa kuogopa, na hapa sitapunguza maneno.

Kwanza, klonidini haiachwi ghafla. Ubongo uliozoea kugongewa upunguze, kugongwa kukikoma kwa siku moja noradrenalini inafunguka yote, presha inaruka juu, moyo unakimbia, kichwa kinauma, mtu anatetemeka. Kwa mzee anayetumia pia dawa za jamii ya propranololi au atenololi ni hatari zaidi. Kwa mtoto dozi hushushwa kwa miligramu 0.1 kwa hatua, na kila hatua hukaa siku 3 hadi 7. Methilfenidati wazazi wengine huiacha Jumamosi na Jumapili, daktari akiruhusu, ili mtoto ale. Ukiizoea desturi hiyo ukaihamishia kwenye klonidini umeharibu. Na kuna namna ya kuiacha ambayo watu hawaifikirii: kutapika. Mtoto akipata ugonjwa wa tumbo shuleni, kila anachomeza kinarudi, na kidonge nacho kinarudi. Hapo unapiga simu kwa daktari siku hiyohiyo, huendi kusubiri apone. Kile cha kutoka polepole kinamezwa kizima, hakivunjwi wala kusagwa kwenye uji, maana ukikisaga dawa ya saa nyingi inaingia kwa mkupuo.

Pili, watoto wengine wa nyumbani. Kidonge kimoja cha miligramu 0.1 kimewahi kuonyesha dalili za sumu kwa mtoto. Analala asiamshike, mboni za macho zinakuwa ndogo kama za mtu aliyekunywa morfini, moyo unakwenda polepole, pumzi zinakuwa chache, na yanaweza kuanza ndani ya nusu saa. Binti yangu ana miaka miwili na kila kitu kwake ni peremende. Vidonge vya kaka yake viko kwenye kisanduku cha kufuli, juu ya kabati, na ufunguo uko pamoja na wa gari.

Waliokulia penye ng'ombe watanielewa haraka. Ile amitrazi inayochanganywa kwenye maji ya josho kuua kupe, anayeimeza kwa bahati mbaya hulegea na kulala kwa namna hiyohiyo, moyo polepole, kwa sababu nayo inagusa alfa-2. Baba alikuwa na ng'ombe wa maziwa, na chupa ile ilikaa juu ya dari, hakuna mtoto aliyethubutu. Kidonge cheupe kidogo hakina harufu kali ya kumtisha mtu, hicho ndicho kinachonitia wasiwasi.

Likizo ya kiangazi tulikwenda Tanga. Niliomba vidonge vya kutosha safari nzima na ziada, bima ikasumbua kidogo, mfamasia akasaidia. Vilisafiri kwenye begi la mkononi pamoja na nakala ya cheti, maana begi la chini likipotelea njiani mtoto atakaa bila dawa, na sikutegemea kuikuta kwenye maduka ya dawa ya mtaani kwetu. Kati ya Minnesota na Tanga kiangazi kuna saa 8. Daktari alituelekeza mapema jinsi ya kuzisogeza saa za dozi ili asipitishe muda mrefu mno ndani ya ndege, na tulipofika tukafuata asubuhi na usiku wa huko.

Wajomba na mashangazi walikuwa na maoni. Mtoto anashinda ufukweni Raskazone, anacheza mpira mpaka magharibi, dawa ya nini tena? Wa kwetu wote walikuwa hivyo, wakachapwa viwili vitatu wakakaa. Sikubishana sana. Mimi nawakumbuka baadhi ya hao waliochapwa wakakaa. Nawakumbuka wakirudia darasa, halafu wakiacha shule wakisemwa hawana akili. Walio na akili ya kuunda gari la mabati lenye springi na taa. Na dawa za kuchangamsha hata zikitakiwa, haziko karibu: Shirika la Afya Duniani lilipoombwa kuiweka methilfenidati kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na tena mwaka 2021, lilikataa.

Mama ana mashine yake ya presha ya betri, aliletewa na kaka yangu. Kila asubuhi anakaa, anapumzika, anajipima, anaandika kwenye daftari. Siku ya pili akamwita mume wake, akamfunga mkanda, ukamzunguka mkono karibu mara mbili. Ikasoma 78 kwa 45. Nyumba nzima ikasimama. "Mnaona? Mnamuua mtoto na madawa yenu!" Nilimwonyesha mkanda. Mkanda mpana wa mtu mzima kwenye mkono mwembamba unasoma chini kuliko ukweli, kama vile mkanda mwembamba kwenye mkono mnene unavyosoma juu. Hakuniamini mimi. Tukaenda naye zahanati, wakaleta mkanda wa watoto: 96 kwa 58, mapigo 82. Namba za mtoto mwenye afya. Nesi huyo, mama alimwamini.

Tukiwa bado pale kwenye benchi, mama akanigeukia. "Na wewe? Uliyekuwa na presha ya mimba, lini umepima?"

Napima watu kila siku ya kazi. Mwanamke aliyewahi kupanda presha akiwa mjamzito yuko kwenye hatari zaidi ya kuipata baadaye maishani, hilo nalijua na nimewaambia wengine. Nesi akafunga mkanda mkubwa: 152 kwa 96. Tukarudia baada ya kupumzika, tukarudia siku zilizofuata kwa mashine ya mama, haikushuka. Tuliporudi Minnesota daktari wangu akaandika amlodipini ya miligramu 5, sawa na ya mama. Nilimwuliza kwa nini si klonidini, maana nilitaka kusikia atakavyojibu. Akaniuliza kama ninaendesha gari saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini.